Kijana Asiye na Darasa Lake
Mhadhara kwa walimu, wazazi na watendaji wa kata wilayani Buhigwe, mkoani Kigoma



Mwaka 2012 ilitoka habari iliyowaaibisha wengi: wanafunzi zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza walibainika hawajui kusoma wala kuandika. Walikuwa wamemaliza miaka 7 ya shule ya msingi. Mtihani wa darasa la saba walikuwa wameufanya na kuufaulu, kwa sababu ulikuwa wa kuchagua jibu, na kuweka alama kwenye A au C hakumlazimu mtu kusoma swali. Februari mwaka uliofuata yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne, na takribani watahiniwa 6 katika kila 10 wakawa wamepata daraja sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na gumzo likahamia kwenye Baraza la Mitihani, mishahara ya walimu na uhaba wa vitabu.

Aliyesahauliwa ni kijana mwenyewe. Mtu wa miaka 14 asiyejua kusoma aende wapi kesho asubuhi? Darasa la kwanza harudi, magoti hayaingii chini ya dawati na wadogo zake watamcheka. Kidato cha kwanza haambulii kitu, tena yote yanasemwa kwa Kiingereza. Mhadhara huu unamhusu huyo, na dai lake ni moja: kijana aliye chini ya kiwango cha rika lake hasaidiwi kwa kurudishiwa shule ileile kwa mara ya pili. Apimwe yeye, apangiwe yeye, na aonyeshwe mapema mlango atakaotokea. Vipande vya kazi hiyo karibu vyote vipo Tanzania. Kazi iliyobaki ni kuvikutanisha kwenye kata moja, mbele ya kijana mmoja.

Buhigwe ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Wilaya ilizaliwa kwa kumegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, na sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 254,342 katika vilima vinavyopanda kuelekea Manyovu na mpaka wa Burundi. Mtoto wa Muyama au Munanila hujifunza kusema kwa Kiha. Kiswahili cha vitabuni hukutana nacho shuleni, na akifika kidato cha kwanza hukuta masomo yamegeuka Kiingereza. Lugha tatu ndani ya miaka minane, na katika kila kuvuka wapo wanaobaki ng'ambo. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014, ulilitambua hilo. Kigoma na mikoa mingine kadhaa ilianzishiwa madarasa ya utayari vijijini, mtoto akazoeshwa Kiswahili kwa hadithi na michezo kabla ya kuandikishwa darasa la kwanza. Kazi ilikuwa njema, ila ilimfaa mdogo. Kaka yake wa miaka 15 alikuwa amekwisha kupita.

Kaka huyo yuko wapi? Mvua zikianza mwezi wa Oktoba yuko shambani. Siku ya soko yuko njia ya mpakani, mzigo kichwani. Wapo wanaokwenda kufanya vibarua vya tumbaku Urambo na Kaliua, na wasichana wanaochukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani mijini. Kuondoka si jambo geni Uha: enzi za Waingereza wanaume wa Kasulu na Kibondo walikwenda manamba hadi mashamba ya mkonge ya Tanga. Tofauti ni kwamba manamba hakuulizwa cheti. Leo hata mlinzi wa getini huulizwa amemaliza darasa la ngapi.

Sasa chukulia vijana wanne wa kubuni, wameketi benchi moja katika kituo cha kata. Wa kwanza ana miaka 17 na hakuandikishwa shule hata siku moja. Fedha za debe la maharage anazipiga kichwani bila kukosea, lakini mwambie aandike 1,050, ataandika 100050. Wa pili aliacha akiwa darasa la nne, anasoma kwa kuunganisha silabi kwa kidole. Wa tatu ni msichana wa miaka 18 aliyefika kidato cha pili akapata ujauzito. Anahitaji Hisabati, Kiingereza na mahali pa kumlaza mtoto. Wa nne ana cheti cha darasa la saba na hasomi, na katika miaka yote saba hakuna aliyegundua kwamba sikio lake la kulia halisikii.

Kwenye taarifa za serikali wote wanne wamo katika safu moja, ya walio nje ya shule. Mwezeshaji akiwasomesha somo moja kwa saa moja, atakuwa amewapotezea muda watatu, na huenda wote.

Kumpima mtu pale alipo kulikuwapo hapa zamani. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kisomo kilichofuata kilikuwa na hatua zake. Mtu alipimwa, akawekwa hatua ya kwanza, ya pili, hadi ya nne, na vitabu vilifuata kazi ya mahali: pamba kwa mkulima wa pamba, migomba kwa mwenye migomba, uvuvi kwa mvuvi. Takwimu rasmi zilionyesha wasiojua kusoma wakipungua kutoka asilimia 67 hivi mwaka 1967 hadi asilimia 27 mwaka 1977. Mzee wa kisomo alijua yuko hatua gani na inayofuata ni ipi, jambo ambalo vijana wengi wa leo hawawezi kulisema.

Kisha ikaja MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Ulianza mwaka 1999 kwa majaribio katika wilaya tano, Masasi, Kisarawe, Musoma, Ngara na Songea, kwa msaada wa UNICEF, ukaenea nchini baada ya ada ya shule za msingi kufutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka 2002. Wadogo walisoma wafanye mtihani wa darasa la nne na kuingia la tano. Wa miaka 14 hadi 18 walisoma miaka mitatu, kisha wakafanya mtihani wa darasa la saba. MEMKWA uliwaokoa wengi, na madarasa yake yakapungua kadiri watoto walivyoandikishwa mapema. Lakini ulirithi kasoro ya shule: umri ndio uliowagawa, na mtihani mmoja ndio uliokuwa mlango wa kutokea. Jina lenyewe likaishia kuwa tusi. Kijana akikosea chenji huambiwa na wenzake, "Acha umemkwa." Nani atakwenda kwenye darasa ambalo kulihudhuria ni kujitangaza mjinga?

Ndiyo maana mpango uliofuata unastahili kutazamwa kwa makini. Tangu mwaka 2019 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kwa kushirikiana na UNICEF, imekuwa ikiendesha elimu changamani kwa vijana walio nje ya shule, ambayo wengi wanaijua kwa kifupi cha IPOSA. Ni ya vijana wa miaka 14 hadi 19, na Kigoma ni miongoni mwa mikoa ulikofika. Una sehemu nne: kusoma, kuandika na kuhesabu, stadi za maisha, ujasiriamali, na ufundi wa awali kama ushonaji, useremala, upishi au kilimo. Wengi huusifu kwa sababu unafundisha ufundi. Ubora wake mkubwa zaidi haujasifiwa vya kutosha: kijana anapoonekana akiingia kituoni, jirani hawezi kujua amefuata cherehani au amefuata alfabeti. Aibu imepewa kificho.

Ufundi huo pia ndio unaobeba masomo. Kukata sketi kunataka sentimita, nusu na robo. Kununua kitambaa kunataka kuzidisha na kutoa. Oda ya mteja lazima iandikwe, la sivyo fundi atasahau mkono ulitakiwa mrefu au mfupi. Wilaya za Kigoma zilipoanza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, orodha ya ufundi unaowezekana vijijini ikaongezeka, na kijana wa kuchomelea vyuma ana sababu ya kusoma maandishi ya hatari yaliyobandikwa kwenye mashine.

Je, kupanga watu kwa kiwango kunawafaa walio chini, au kunawazika? Swali hili lina jibu lililopimwa jirani. Mwaka 2005 wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya utafiti katika shule 121 za msingi magharibi mwa Kenya, zilizopewa mwalimu wa ziada ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Karibu nusu ya shule ziligawa kwa alama, zilizobaki kwa bahati nasibu. Hofu ilikuwa kwamba walioanza nyuma wangezidi kuzama wakitengwa na wenzao wepesi. Walipopimwa baadaye, waliogawanywa kwa alama walikuwa wamepanda kuliko wenzao wa bahati nasibu, walioanza juu na walioanza chini kwa pamoja. Mwalimu mwenye watu wa kiwango kinachokaribiana alifundisha kinachowafaa. Duflo na Kremer walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee.

Wale walikuwa watoto wa darasa la kwanza, si vijana wenye ndevu. Kwa kijana upo uchungu ambao mtoto wa miaka 7 hana, kwa hiyo kugawa kwa kiwango kuwe kwa saa chache na kwa somo moja moja. Karakana wakae wote pamoja. Kusoma wakae kwa hatua. Hesabu wapangwe upya kabisa, na hapo yule wa miaka 17 asiyejua kuandika 1,050 ndiye atakayewafundisha wenzake kupiga bei kichwani.

Mpango binafsi katika kituo chenye chumba kimoja na mwezeshaji mmoja si kompyuta kwa kila mtu. Fundi cherehani haulizi umri wa mteja kisha akakata kitambaa, anachukua futi kamba kwanza. Kipimo kinachofaa kipo, tena hakina gharama. Shirika la Pratham, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, lilikizoesha dunia: karatasi moja yenye herufi, maneno, aya na hadithi fupi, na mtu husoma hadi anapokwama. Watafiti wa mpango wa Uwezo walikileta Afrika Mashariki wakapita nacho nyumba kwa nyumba, wakiwapima watoto wa miaka 7 hadi 16 kwa kiwango kimoja cha darasa la pili. Dakika kumi zinatosha kumjua mtu yuko herufi, yuko neno au yuko hadithi.

Kabla ya karatasi hiyo, kuna dakika tano ambazo karibu kila kituo huziruka. Kijana asimame hatua kadhaa kutoka ubaoni aseme anaona nini. Mwezeshaji asimame nyuma yake amnong'oneze kila sikio. Yule wa nne kwenye benchi letu la kubuni angegunduliwa hapo, na shule ingefanya vivyo hivyo angegunduliwa miaka saba mapema. Kwa watakaobainika kuwa na uziwi, uoni hafifu au ulemavu wa akili, nchi ina walimu waliosomea kazi hiyo katika Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, na vituo vya utambuzi vimekuwa vikianzishwa ili mtoto apimwe kabla ya kupewa jina. Kenya walianza mapema, wakiwa na vituo vya namna hiyo tangu mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Katika mtaala wake mpya Kenya imekwenda hatua nyingine: wanafunzi wenye ulemavu wasioweza kufuata madarasa ya kawaida wana njia isiyo na namba za darasa, inayoanzia msingi, ikaenda kati, kisha maandalizi ya ufundi, na kila mmoja anapanda kwa mwendo wake.

Baada ya kipimo ni mazungumzo. Siku gani uko huru? Nani anakutegemea nyumbani? Unataka kufanya kazi gani, na ni nani kijijini anayeifanya? Majibu yanaandikwa kwenye daftari la kijana, siyo la ofisi, pamoja na lengo la wiki mbili, siyo la mwaka. Lengo liwe la kuonekana: kusoma ujumbe wa simu bila msaada, kujaza fomu ya kituo cha afya, kupima chumba na kukadiria mabati. Wiki mbili zikiisha analionyesha kwa vitendo, na linalofuata linaandikwa chini yake. Ratiba ifuate mvua na soko. Kituo kinachofungua Jumatatu hadi Ijumaa asubuhi wakati wa kupalilia kimejitakia kubaki na mabenchi matupu, na hakina haki ya kuandika kwenye taarifa kwamba vijana hawana mwamko.

Uganda imeonyesha kuwa muda unaweza kubanwa bila kuharibu somo. Mpango wao wa elimu ya haraka, unaotumika sana katika makazi ya wakimbizi kama Bidi Bidi, unaifunga miaka saba ya shule ya msingi katika hatua tatu, na kijana huingizwa hatua inayomfaa. Wa Buhigwe hawana haja ya kwenda mbali kuona kwa nini muda una thamani hivyo. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, imelea vijana waliopoteza miaka njiani wakikimbia, na waliosoma kwa mitaala ya Kongo na Burundi. Wapo waliozaliwa kambini wanaotafuta cheti cha nchi wasiyowahi kuiona. Mlango wa kutokea ukiwa mbali namna hiyo, hata mwalimu hodari hufundisha kwa shida.

Katika suala la mlango Uingereza ni onyo. Vijana wake waliokuwa chini ya kiwango cha mitihani ya kawaida walitengenezewa vyeti vidogovidogo na programu binafsi kwa kila mmoja, kwa nia njema kabisa. Mwaka 2011 Profesa Alison Wolf akaiandikia serikali ripoti kali: angalau vijana 350,000 wa miaka 16 hadi 19 walikuwa wakisoma kozi zisizowafaidia karibu chochote, kwa kuwa waajiri hawakuvithamini vyeti vyake na vyuo vya juu havikuvitambua. Alichopendekeza ni kwamba asiyefaulu Kiingereza na Hisabati aendelee navyo, asiruhusiwe kuviruka. Kwa Kigoma hilo lina maana ya wazi. Kijana asifundishwe kushona kwa sababu ameshindwa kusoma. Ashone, na asome.

Milango ipo. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi nje ya mfumo rasmi, na tuzo zake za ufundi stadi zina daraja la I, II na III zinazojulikana kwa waajiri. Baraza la Mitihani lina Mtihani wa Maarifa, ambao humwezesha mtahiniwa wa kujitegemea kuendelea hadi kidato cha nne. Sera ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari na elimu ya lazima ya miaka kumi. Vipo vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya Sweden, na mkoa wa Kigoma unavyo Kasulu, Kibondo na Kihinga. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho vyuo hivi vilianza kuwasomesha sekondari na ufundi wasichana waliokatiza masomo, na mama mdogo akaweza kwenda na mtoto wake.

Msichana huyo ana historia yake. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba anayezaa harudi shule ya serikali. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba waliokatiza masomo, wenye ujauzito wakiwamo, wanaruhusiwa kurudi. Ndalichako ndiye aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani wakati wa zile sifuri za mtihani wa mwaka 2012, na alipotoa tangazo hilo alikuwa mbunge wa Kasulu Mjini. Mtu mmoja alikaa kwenye lango la kuchuja, kisha akaja kufungua la pembeni, na miongoni mwa wanaoweza kunufaika ni mabinti wa jirani zake. Ila ruhusa ya kurudi haimwambii mtu arudi wapi. Aliyetoka kidato cha pili miaka mitatu nyuma akirudishwa kidato cha pili bila kipimo, atakaa nyuma wiki chache na kuondoka tena, safari hii bila kelele.

Anayevikutanisha vipande hivi vyote ni mwezeshaji wa kituo, na hapo ndipo mipango yetu hufa. Hulipwa posho, si mshahara, na posho ikichelewa anaondoka na daftari zikiwa nusu. Mradi wa nje unaweza kumfundisha na kumnunulia cherehani, lakini mradi huisha. Afisa elimu ya watu wazima yuko halmashauri, mwalimu mkuu mwenye chumba kinachobaki tupu jioni yuko kijijini, na fundi mwenye karakana yuko sokoni. Watatu hao wakikaa meza moja mara moja kwa mwezi, na orodha ya majina mbele yao, kata ina kituo hata kabla ya fedha za mfadhili.

Na liko tatizo moja la sheria ambalo baraza la madiwani linaweza kuanza kulitatua bila kungoja Dodoma. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo ni kwa aliyetimiza miaka 18. Aliyeingia kituoni na miaka 14 akamaliza ufundi na miaka 16 anabaki miaka 2 akiwa na ujuzi mkononi bila kifaa, na hiyo ndiyo miaka ambayo Urambo na Kaliua humchukua. Halmashauri inaweza kumuunganisha na kikundi cha mafundi watu wazima kwa mkataba wa uanagenzi, au kuazimisha vifaa vya kituo kwa mhitimu anayengoja umri. Yote mawili yanahitaji mstari kwenye bajeti, na mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1.